Mfasiri Hana pa Kurukia: Tafsiri za Mwalimu Nyerere Zikisomwa Bunda

Wahakiki wetu wana namna mbili za kuzizungumzia tafsiri za Mwalimu Nyerere, yaani Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Ya kwanza ni namna ya sherehe. Msemaji husimama, akakumbusha kwamba Rais wa nchi, pamoja na shughuli zote za Ikulu, alipata wasaa wa kumtafsiri Shakespeare, kisha akahitimisha kwamba Kiswahili kimethibitika kuwa lugha inayoweza kubeba fikra yoyote. Makofi. Baada ya hapo hakuna anayefungua kitabu. Namna ya pili ni ya kunong'ona, nayo huisikii ukumbini, unaisikia kantini: eti Kiswahili chenyewe kizito, eti mistari inakwama kooni, eti asingekuwa Rais nani angemchapishia? Hawa nao hawafungui kitabu.

Makala haya hayakusudii kuamua ugomvi huo. Ninachodai ni kwamba pande zote mbili zinakubaliana bila kujua: zote zinavitazama vitabu hivi kama kazi iliyokwisha, ya kusifiwa au kubezwa. Mimi naona tunavipunja. Vitabu hivi ni madaftari ya mwanafunzi. Kwa daftari sina maana ya kazi ya ovyo ovyo. Nina maana ya kazi ambayo ndani yake bado unamwona mtu anayejifunza jambo gumu, anakwama, anarudi nyuma, anafuta, anaandika tena. Mkizisoma hivyo, ndugu zangu, hata ule uzito unaolalamikiwa kantini unaanza kusema kitu.

Tuanze na jiografia kidogo, kwa sababu wahakiki hulipita jambo hili mbio mbio. Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, akakulia ndani ya Kizanaki. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya bweni ya Mwisenge mjini Musoma, maili 26 hivi kutoka nyumbani. Huko ndiko alikokutana na Kiswahili cha darasani. Kiingereza kilifuata, kikashika kasi alipokwenda Tabora mwaka 1937. Kwa hiyo mtu aliyemleta Shakespeare kwetu alikuwa anavuka kutoka lugha yake ya tatu kwenda lugha yake ya pili. Katika kozi ya tafsiri tunafundishwa kinyume: kwamba mfasiri hufanya kazi vizuri anapotafsiri kuelekea lugha aliyonyonya. Hapa hiyo lugha ya kunyonya, Kizanaki, imebaki pembeni ikitazama.

Na Kiswahili chenyewe, kile cha vitabuni, kilikuwa bado kichanga. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kukisanifisha, ikachukua Kiunguja kuwa msingi. Mtoto wa Butiama aliingia darasani miaka 4 tu baada ya hapo, upande wa pili kabisa wa nchi, kwenye ufuko wa ziwa na siyo wa bahari. Kiunguja kilichofika Mwisenge kilikuwa kimesafiri mbali sana.

Likizo iliyopita nilikwenda Butiama kutazama makumbusho, na jioni nikakaa na mzee mmoja wa pale aliyesoma shule ya bweni miaka ya mwanzo ya 1950. Nikamwuliza, "Shikamoo babu. Hivi nyinyi mlikuwa mnafanyaje pale ambapo mwalimu anasema na hamuelewi?" Akacheka sana. "Marahaba mjukuu wangu. Tulikuwa tunaitikia. Mwalimu akisema, tunaitikia. Usiku bwenini ndiyo tunaulizana kwa Kizanaki, lile neno la asubuhi lilikuwa nini? Huyu analo hili, yule analo lile. Basi tunaunga."

Kuitikia na kuunga. Nimesoma nadharia kadhaa za upokeaji wa matini na sijakutana na istilahi zinazonisaidia kama hizi mbili za yule mzee. Mtu akikutana na jambo lisiloeleweka anaweza kuliitikia, yaani akatoa sauti inayotakiwa ili aachwe kwa amani. Au anaweza kukaa na vipande alivyonavyo, hata kama ni vichache na vinaaibisha, akaanza kuviunga. Ile namna ya sherehe niliyoitaja mwanzoni ni kuitikia. Na kunong'ona kwa kantini ni kuitikia vilevile, tofauti ni kwamba sauti imekunja uso.

Sasa tutazame ushahidi kwamba Mwalimu alikuwa anaunga. Tafsiri ya kwanza ya tamthilia ya Kaizari ilitoka mwaka 1963, kwa Oxford University Press. Mwaka 1969 ikatoka tena, imesahihishwa. Katika toleo la 1963 jina la kitabu lilibaki karibu kama lilivyo kwa Waingereza. Katika toleo la 1969 limekuwa Juliasi Kaizari. Hebu fikirini kidogo. Kitabu kimeshachapwa, mtafsiri ni mkuu wa nchi, hakuna mwalimu wa kumpa alama, na waliompongeza wameshampongeza. Hakuna kilichomlazimisha kurudi. Lakini miaka 6 baadaye anarudi kwenye matini ile ile na kuirekebisha hadharani, kila mtu akiona kwamba toleo la kwanza lilikuwa na mahali pa kurekebishwa.

Badiliko la jina peke yake lina somo refu. Jina la kigeni unaweza kuliacha lilivyo, ukawaachia wasomaji wahangaike nalo. Au unaweza kulipitisha kinywani hadi liwe na silabi zetu: Ju-li-a-si. Mtafsiri mwenyewe aliitwa Julius, jina alilopewa alipobatizwa mwaka 1943, kwa hiyo sidhani kama alilitazama kwa baridi. Na "Kaizari" halikuwa neno geni Tanganyika. Wazee waliokuwa hai mwaka 1963 walikuwa wametawaliwa na Kaizari wa Kijerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza. Biblia ya Kiswahili ilikuwa inasema Kaisari, kwa s. Mwalimu alichagua z. Sitaki kudai kwamba herufi moja ina falsafa nzima, ila nadai kwamba mtu aliyerudi kugusa hata jina la jalada alikuwa hajamaliza kujifunza, na alijua hajamaliza.

Hapa ndipo hoja yangu kuu ilipo. Msomaji anaweza kuruka. Sisi sote tunaruka. Unasoma tamthilia ya Shakespeare kwa Kiingereza, unafika kwenye maneno manne usiyoyajua, unapita kwa imani kwamba muktadha utakubeba, na mara nyingi unakubeba. Mfasiri hana pa kurukia. Neno asilolijua linamsubiri pale pale mpaka aandike kitu badala yake, na akiacha wazi, nafasi ile itabaki wazi kwenye karatasi na itamwumbua. Kwa hiyo tafsiri ni njia ya kuugawa ukungu. Ulikuwa unasema "sielewi ukurasa huu", sentensi ambayo haina msaada wowote. Baada ya saa moja ya kutafsiri unasema "sielewi kwa nini fundi viatu huyu anachekwa", na hilo ni swali ambalo mtu anaweza kulishughulikia.

Fundi viatu sikumtaja kwa bahati. Muhula uliopita nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, TP kama tunavyoiita, katika shule moja ya sekondari wilayani Bunda. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu walikuwa mchanganyiko wa kawaida wa pale: Wajita, Waikizu, Wasukuma, na Wakurya kadhaa ambao wazazi wao walihamia. Walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote saba, kisha siku moja ya Januari wakaingia Kidato cha Kwanza na kukuta kila kitu, kuanzia baiolojia hadi jiografia, kinasemwa Kiingereza. Nyote mnayajua hayo, wengi wetu tumepita humo. Nilikuwa nikimaliza kueleza nauliza kama wameelewa. "Yes sir!" Darasa zima, kwa sauti moja nzuri. Niligundua mapema kwamba sauti ile haikuwa na uhusiano wowote na kuelewa. Walikuwa wanaitikia.

Jioni, baada ya vipindi, tulianzisha kundi dogo. Nilikwenda kwenye duka la steshenari karibu na stendi ya Bunda nikatoa fotokopi ya onyesho la kwanza la Julius Caesar kwa Kiingereza. Masharti yalikuwa mawili tu. La kwanza, tunatafsiri kwa pamoja, sentensi kwa sentensi, kwenye daftari moja kubwa la kundi. La pili, pale tuliposhindwa hatuandiki uongo, tunaweka nukta kadiri ya urefu wa kilichotushinda, tunaendelea. Kitabu cha Mwalimu nilikificha kwanza.

Msomaji anakumbuka onyesho lile. Ni sikukuu Roma, watu wa kazi wamejazana barabarani, na viongozi wawili wanawasimamisha kuwauliza ufundi wao. Mmoja ni fundi viatu. Anajibu kwa mafumbo yanayotegemea neno la Kiingereza la soli ya kiatu, ambalo kwa sauti halitofautiani na neno lao la roho. Kiongozi hafahamu, anauliza tena, fundi anamzungusha tena, na kiongozi anazidi kukasirika. Wanafunzi wangu walikwama hapo siku mbili nzima. Walijua soli, walijua roho, lakini kwa Kiswahili soli ni soli na roho ni roho, hazikutani popote. Daftari likajaa nukta. Binti mmoja akasema kwa uchungu, "Mwalimu, huyu fundi anatucheka na sisi."

Naam! Hilo ni tahakiki. Nimesoma maelezo mengi juu ya tamthilia hii, mengi yakikimbilia mauaji na hotuba ya Antoni, lakini kauli ya binti yule ilinifungua macho. Tamthilia inaanza na mtu mwenye mamlaka ambaye haelewi anachoambiwa, na badala ya kukaa na kutoelewa kwake anageuka mkali. Usumbufu wa kutoelewa umemfanya atishie watu. Fundi viatu, ambaye hana cheo, ndiye mwenye lugha mkononi. Sisi wasomaji wa Bunda tulikuwa tumewekwa upande wa kiongozi: hatuelewi, tumekasirika. Swali likawa kama tutabaki upande huo.

Siku ya tatu kijana mmoja, ambaye darasani sikuwa nimewahi kusikia sauti yake nje ya ile "Yes sir" ya pamoja, alisema: "Kama soli haitaki, tutumie nyayo." Kimya kikaingia. Nyayo ni sehemu ya chini ya mguu, pale kiatu kinapokaa. Na nyayo ni mwenendo wa mtu, ndiyo maana tunasema kufuata nyayo za wazee. Fundi wa kurekebisha nyayo zilizopotoka! Anaweza kuwa fundi viatu, anaweza kuwa padre. Fumbo limesimama kwa miguu yake, na tena limesimama kwa Kiswahili, halikuomba kitu kwa roho wala soli. Mkurya mmoja akaongeza kwamba wakisikia Wakenya ng'ambo ya Sirari watadhani ni siasa za Moi. Tulicheka hadi mlinzi akaja kuuliza kulikoni.

Sisemi kwamba watoto wale walimshinda Mwalimu, hilo lingekuwa kunong'ona kwa namna nyingine. Nasema kwamba walipofika mahali hapo, na nilipowatolea kitabu chake, walikisoma kwa macho ambayo sijawahi kuyaona kwenye semina zetu. Hawakuuliza kama ni kizuri. Waliuliza, "Na yeye hapa alifanyaje?" Walikuwa wanamsoma kama mwenzao aliyefika mapema kwenye kivuko kile kile.

Nafahamu pingamizi linalokuja. Mhadhiri mmoja aliyesikia hoja hii kwenye mjadala wa idara aliniambia kwamba daftari la mwanafunzi halichapwi na Oxford. Ana haki, na pingamizi lake linauma zaidi kuliko alivyokusudia, kwa sababu Bunda ni mahali ambapo huwezi kulikwepa. Ukitoka Bunda ukafuata barabara ya Kisorya unafika kwenye kivuko, na ng'ambo ya maji ni Ukerewe, kwa Aniceti Kitereza. Huyu alimaliza riwaya yake kubwa ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Haikupata mchapishaji. Akiwa mzee akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, yaani na yeye alifanya ile kazi ya kuvuka kwenda lugha ya pili, na kwa umbali wa kurasa mamia. Kitabu kilitoka mwaka 1980. Miaka 35! Yeye akafariki mwaka 1981. Kwa hiyo ni kweli kwamba kujifunza hadharani, ukachapa, ukasahihisha, ukachapa tena ndani ya miaka 6, ilikuwa nafasi ambayo hakupewa kila mtu wa kanda hii ya ziwa. Kantini wanaponong'ona "asingekuwa Rais", wana chembe ya ukweli. Ila ukweli huo unatudai tumsome Kitereza zaidi. Hautupi ruhusa ya kutomsoma Nyerere.

Turudi kwenye matini. Uzito unaolalamikiwa upo, mimi sikatai. Katika Juliasi Kaizari kuna mistari ambayo siwezi kuitamka kwa pumzi moja, na mwigizaji atanielewa. Lakini uzito huo una sababu za kiufundi. Shakespeare anaandika mistari ya silabi 10 hivi, na Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja moja, anaweza kuyapanga kama punje. Kiswahili kinafunga mtenda, wakati, mtendwa na kitenzi katika neno moja. Mara nyingine tunafupisha kuliko wao: "sitamwona" ni neno moja, wao wanahitaji manne au matano. Mara nyingine nomino moja tu inameza nusu ya mstari. Kwa hiyo mizani inakuvuta mbele na nyuma bila mpangilio unaoweza kuuzoea. Mtafsiri ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili anausikia mvutano huo zaidi, na anauacha usikike.

Halafu kuna suala la vina. Alitafsiri bila vina, akifuata mwendo wa Shakespeare. Leo hilo linaonekana dogo, lakini mwaka 1963 mambo yalikuwa mengine. Kichomi cha Kezilahabi, ambacho ndicho tunachokitaja siku zote tukizungumzia mashairi huru, kilitoka mwaka 1974. Sheria za kutunga mashairi zilikuwa zimeandikwa na Amri Abedi katika kitabu cha mwaka 1954, na kwa sheria hizo utungo usio na vina hauna haki ya kuitwa shairi. Amri Abedi huyo huyo alikuwa waziri katika serikali ya Nyerere. Ningependa sana kujua walizungumza nini juu ya jambo hili, kama walizungumza. Vyovyote iwavyo, Rais alikuwa anaandika kitu ambacho Kiswahili cha wakati ule kilikuwa hakijakipa jina, na kuandika kitu kisicho na jina ni usumbufu wa aina yake.

Mabepari wa Venisi, ya mwaka 1969, ni tulivu zaidi kwa masikio yangu. Ila hapo ndipo jina la kitabu lilipozua maneno. Kwa Kiingereza mfanyabiashara wa kwenye jina ni mmoja, naye ni Antonio, siyo Shailoki kama wengi wanavyodhani. Kwa Kiswahili wamekuwa wengi, na wamekuwa mabepari. Azimio la Arusha lilikuwa la mwaka 1967, hivyo kila mhakiki anasoma siasa hapo, na siasa ipo. Lakini tusisahau kwamba "bepari" ni neno la Kihindi la mfanyabiashara, na katika Kiswahili cha zamani lilitumika hivyo hivyo, bila matusi. Maana ya kisiasa ilikuja kulikalia baadaye. Mwaka 1969 neno lilikuwa na maana zote mbili, ya dukani na ya jukwaani, na mtafsiri akalitumia likiwa katikati ya kugeuka. Huo wingi nao una akili. Ndani ya tamthilia, hakimu anapoingia mahakamani anauliza nani ni mfanyabiashara na nani ni Myahudi, kana kwamba kwa macho hawatofautiani. Jina la Kiswahili limekwisha kujibu swali hilo tangu jaladani.

Kwa wanafunzi wa Bunda onyesho la mahakama halikuhitaji utangulizi. Mkataba wa ratli ya nyama ya mwili wa mtu! Kwanza ilibidi tukubaliane ratli ni kiasi gani, kwa sababu hao wamezaliwa kwenye kilo: nusu kilo kasoro kidogo. Hapo picha ikawajia, wakaona mizani ya bucha. Na Kiswahili kikatusaidia bila kuombwa, kwa kuwa Kiingereza kina neno lake la nyama ya mwilini na neno jingine la nyama ya kula, lakini sisi tuna nyama tu. Shailoki akitaja nyama yake, kwa Kiswahili yuko buchani tayari. Mkurya wetu alipinga hukumu kwa hoja ya ufugaji: damu unaweza kuitoa kwa ng'ombe bila kugusa nyama, wazee wake walifanya hivyo kwa mshale na ng'ombe akaendelea kuishi, lakini nyama bila damu haijawahi kuonekana, kwa hiyo aliyeandika mkataba ule bila kutaja damu hakuwa mfugaji. Nimeisoma hukumu ile mara nyingi, na sikuwahi kusikia hoja ya kuipinga inayotoka zizini.

Mtu atasema kwamba tafsiri zilikuwa burudani ya ujana wa uongozi tu. Basi na atazame mwisho. Mwalimu aliondoka madarakani mwaka 1985 akarudi Butiama. Mwaka 1996, akiwa amevuka miaka 70, zilitoka tenzi zake za Enjili nne na Matendo ya Mitume, zilizochapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Utenzi una mizani 8 kwa kila kipande, vipande vinne kwa ubeti, vina vitatu vinavyokubaliana na kimoja kinachofunga. Yule aliyekwepa vina mwaka 1963 sasa amejifunga navyo kwa maelfu ya mistari, katika utanzu wa watu wa pwani ambao hakuzaliwa nao. Kisanaa mimi nazipenda kidogo kuliko tamthilia, kuna beti zinazoonekana zimeandikwa ili kutimiza idadi. Lakini mzee anayeamua kuanza upya na umbo linalomkataa ni mtu ambaye ninapenda kumsoma. Na miaka ya nyuma, mwaka 1955, alipoacha ualimu Pugu na kurudi nyumbani, ni yeye aliyekaa na padre wa Maryknoll kumfundisha Kizanaki. Nadhani alimwonea huruma.

Limebaki jambo moja ambalo kundi letu halikulimaliza. Porshia anaingia mahakamani amevaa kama mwanamume, na mumewe hamtambui. Kwa Kiingereza kila anayemtaja anatumia kiwakilishi cha mwanamume, na watazamaji wanacheka kwa sababu wanajua kiwakilishi kinadanganya. Kwa Kiswahili "yeye" ni yeye. Sarufi yetu haiwezi kudanganya hapo hata ikitaka. Je, kejeli yote imepotea? Wengine walisema imepotea, tusonge mbele. Wengine wakasema afadhali, kwa Kiswahili Porshia ni hakimu tu, haki yake haina jinsia. Nikawaambia wanionyeshe basi, mumewe amwite nani anapomshukuru. Kundi likagawanyika. Nusu walitaka "Mheshimiwa", neno lisilochagua mwanamke wala mwanamume, kama bungeni. Yule binti wa fundi viatu akakataa katakata. Alitaka "Bwana". Alisema kiwakilishi kikishindwa kudanganya, lazima cheo kidanganye, la sivyo watu wa Bunda watacheka nini?

Daftari liko kwa mwalimu wao wa Kiswahili. Mstari huo nilipoondoka bado ulikuwa na nukta.